Benchi Lako Limerudi Kazini, Baba

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuage, na tulipanga kukuandikia kwa utulivu kama familia nyingine zenye adabu. Tumeshindwa. Tuna habari inatuwasha midomo, kwa hiyo kaa kitako uisikie: benchi lako limerudi kazini!

Wanaosoma hapa bila kukufahamu wajue kwamba ulikuwa msimamizi wa zamu katika kituo cha kuwazuilia wahamiaji. Kazi yako ilikuwa milango. Unafungua, unapita, unafunga, unavuta kitasa kuhakikisha, kisha mlango unaofuata. Wazee waliozuiliwa mle uliwaamkia kwa heshima, na asiyejua lugha yetu ulimwelekeza kwa mikono mpaka mkacheka wote wawili. Lakini nyumbani ulifika umechoka hoi, husemi na mtu. Ulituhesabu mezani kabla hatujala, kana kwamba bado uko zamu.

Kisha siku ile ukamfungia mama mkwe wako jikoni! Ulipita, ukafunga, ukavuta kitasa, ukaenda zako kuoga. Bibi akapaza sauti: "Mkwe wangu, kwani na mimi nimeingia nchini bila kibali?" Tulicheka mbavu zikatuuma. Wewe ulicheka kuliko sote, sabuni masikioni, halafu kicheko kikageuka kilio na hukuweza kukizuia. Ndipo tulipojua ulikuwa umebeba nini.

Kesho yake uliburuta benchi kuukuu kutoka stoo ya kituo, ukaliweka mbele ya dirisha la kurudishia funguo. Ukatoa amri, hatujui nani alikuruhusu: hakuna kurudisha funguo kabla hujaketi ukasema la moyoni. Aliyetukanwa aseme. Aliyesikia mtu akilia kutwa nzima aseme. Asiye na la kusema akae tu. "Kazi iache hapa," uliwaambia, "nyumbani aende baba wa watoto." Mwenzako mliyemwita Chuma alikaa kimya wiki nzima, kisha akafunguka, na alipoanza hakushikika! Ni yeye aliyetusimulia jinsi zamu yenu ilivyoacha kufokeana, na waliozuiliwa nao wakaacha kushtuka wakisikia funguo. Mama anasema alirudishiwa mume wake. Ukaanza hata kuimba bafuni, vibaya mno.

Ulipotutoka akaja mkuu mpya wa kituo, mama mchapakazi asiye na mchezo. Akasema benchi linaziba njia, liondolewe. Kitindamimba wako, ambaye sasa anavaa sare kama yako, alirudi siku hiyo hataki kuongea. Siku chache baadaye tukamwona mezani, kidole hewani, anatuhesabu. Mama akaweka kijiko chini. "Tumo sote, mwanangu," akamwambia. "Kula." Tuliogopa kweli, Baba, maana njia hiyo tulishaiona inakoelekea.

Sasa ngoja usikie! Mkuu, kwa uungwana wake, alituletea benchi mwenyewe, akisema ni haki yetu kuwa na kumbukumbu yako. Akaliacha barazani chini ya dirisha, akaingia, akatupa pole, akanywa chai amekaa wima kama yuko kwenye mkutano. Akaaga. Alipotoka akavuta mlango, akageuza ufunguo tuliokuwa tumeuacha kwa nje, akauchomoa, akavuta kitasa kuhakikisha, akaanza kushuka ngazi. Familia nzima imo ndani!

Bibi, ambaye magoti yamezeeka lakini mdomo bado, akajikokota mpaka dirishani. "Mwanangu," akamwita, "vibali vyetu vina kasoro gani?"

Mkuu alisimama, akautazama ufunguo mkononi mwake. Akacheka. Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, kisha akaketi kwenye benchi lako, Baba, na kicheko kikaenda kulekule chako kilikokwenda. "Wanangu wananinyamazia nikiingia ndani," akasema. "Nilidhani ni adabu." Bibi akapitisha mkono kati ya nondo za dirisha, akamshika bega. "Sema yote, mama. Sisi hatuna pa kwenda." Tulingoja ndani tumefungiwa, chai ikapoa, wala hakuna aliyemharakisha.

Alipotufungulia aliomba radhi, kisha akaomba benchi. Liliondoka ndani ya gari lake jioni ileile, miguu imechomoza dirishani! Leo linakaa palepale mbele ya dirisha la funguo. Kuketi kumeingizwa ndani ya saa za kazi, si muda wa kuibia tena. Pameongezwa benchi la pili, na Mkuu naye huketi kama wengine, Chuma akimkatiza akizidisha maneno. Juzi Kitindamimba karudi anapiga mluzi, akala bila kutuhesabu, akaimba bafuni. Sauti ni yako, Baba, haina dawa. Mama alisimama nje ya mlango wa bafu akisikiliza, na machozi yalimtoka kwa furaha.

Tunakukumbuka sisi: mkeo, wanao wote mpaka Kitindamimba, wajukuu zako, ambao wameanza kukaa kwenye ngazi za baraza na kuambiana ya shuleni, Chuma na zamu yako nzima. Anakukumbuka pia mama mkwe wako. Anasema hana haraka, lakini siku akifika huko, wewe ndiye umfungulie mlango.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.