Gambuti za Muzamili

Koboko, Jumapili

Kaka Nasur,

Salamu kwako na kwa wifi huko Arua. Muhogo umekauka vizuri, na mama hakohoi tena.

Umeuliza kama Muzamili, yule anayevaa gambuti hata kiangazi, anaaminika na programu yake ya sarafu za mtandaoni. Maandishi yake ya ndani ameyaacha wazi, yeyote ayasome. Juzi msomaji mmoja wa mbali aliona upenyo ambao mwizi angepitia. Muzamili aliuziba, kisha baada ya swala akasimama msikitini akatangaza kosa lake, gambuti mkononi, maana mlangoni anaogopa zitaibwa. Hata imamu alicheka.

Kaka, mtu asiyeficha kosa lake mimi nimemkubali. Ijumaa anakuja na wazee wake kuleta posa, nawe uje uwepo. Akiingia na gambuti mkononi, usicheke. Huyo ni shemeji yako.

Dada yako,
Kaltumu