Uso wa Mkwe kwenye Mlango wa Jiko

Ijumaa. Mawingu mazito tangu asubuhi, na tumbo langu linanguruma kuliko radi.

Shajara, andika kwamba mimi ndiye niliyemshindisha mkwe wangu ubunge hapa Nyanungu. Bila mdomo wangu asingefika popote.

Haya, futa. Ameanguka. Na hapa kwetu, ukweni kwake, ndipo alipoangukia pua.

Magari ya mshindi yamepita tena sasa hivi, na yakifika kwangu yanakazana na honi. Nawapungia mkono kama mwenzao. Wanakasirika kweli. Hiyo ndiyo raha yangu ya leo, sina nyingine.

Binti yangu Bhoke, mke wa huyo mgombea, alipiga simu alfajiri. Hata shikamoo hakunipa. "Baba, mume wangu anasema mmemuuza. Anasema mama hakumpigia kura." Akakata.

Tangu hapo sijakaa chini. Mwanaume akiamini wakwe wamemuuza, binti anarudishwa. Nimeshaona.

Na kweli mama yake hakumpigia. Lakini ngoja.

Vijana wa kampeni, watoto wa mjini, walibandika picha yake dukani, kisimani, kwenye josho la ng'ombe, mpaka mlango wa jiko langu. Uso mkubwa, meno yote nje. Kwetu mama mkwe hatazamani uso kwa uso na mume wa binti yake. Na wanawake wote wa rika la mke wangu wanamhesabu yule ni mkwe wao! Kisimani walikuwa wanachota maji wamejifunika kanga vichwani. Mimi nikacheka. Nikasema picha si mtu.

Siku ya kura nikamsindikiza mke wangu hadi kwenye foleni. Aliposikia kwamba sura ya mkwe imo hata kwenye karatasi ya kura, akasimama.

"We mzee, una wazimu? Niingie kituturini peke yangu na mkwe, nimwinamie usoni, nimtie alama?"

Akageuka kurudi nyumbani. Wenzake nao wakageuka, foleni ikabaki ya wanaume.

Hakuna aliyemchukia. Walimheshimu mpaka akashindwa.

Mkwe wangu, najua unasoma shajara hii ninapoituma kwenye simu za ukoo, ingawa unajifanya husomi. Usimrudishe Bhoke. Mama yake hakukuuza. Angekuuza, angekutazama vizuri kwanza.

Ila na mimi nina changu kwako. Mlango nilikupa bure, na vijana wako waliahidi kubandua kura zikiisha. Watume leo, kabla ya mvua. Mimi siwezi kumkwangua mkwe uso kwa panga huku majirani wanatazama, tena wiki hii. Tangu walipokubandika, mama mkwe wako anapikia kwa jirani, na jirani ametuchoka.

Waambie waanze na hayo meno.