Ngozi Niliyoibeba Begani

Gulwe, Alhamisi, mwezi wa Rajabu

Nimeoga mara tatu na bado kondoo yule habanduki mlangoni pangu.

Kosa ni langu. Mzee Murad, Mturukimani aliyeletwa na Wajerumani pamoja na kondoo hawa kutoka nchi ya Waafghani, ameshikwa na homa. Bwana shamba akaniamuru mimi nichinje mwanakondoo aliyezaliwa jana, maana ngozi hutakiwa kabla manyoya yaliyojikunja hayajanyooka. Nikachinja, nikachuna. Kisha nikaitupia ngozi mbichi begani, kama tunavyobeba kwetu Kondoa, nikakatiza katikati ya zizi.

Nilipoinama kufungua lango, mama wa mwanakondoo akaninusa shingo. Akaanza kunilamba.

Nikimfukuza kwa fimbo, anarudi. Nilimwendea mzee kwa hasira: kwa nini hakunionya?

"Ngozi hubebwa ndani ya gunia, mwanangu," alisema. "Kwetu kondoo aliyefiwa huletewa yatima aliyevikwa ngozi ya mtoto wake, naye humpokea. Leo umeivaa wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Vita vilipopita kijijini kwetu, mama mmoja aliokota mtoto njiani. Akamvika kanzu ya mwanawe aliyeuawa, akamwita kwa jina lake. Murad ni jina la yule marehemu."

Nimerudi, nimefunga mlango, na jua linazama.

Kondoo yule ameita tena mlangoni sasa hivi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumshtua mtoto.

Na mimi, bila kujijua, nimeitika.