Mbwa wa Baba Wanaokaa Upande

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize, maana hapa nilipofika sina pa kushika. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, shule niliacha mapema, nikikosea kuandika unisamehe.

Baba yangu alikuwa seremala na alifuga mbwa wa ulinzi, karakana zote za mtaa wetu zililindwa na watoto wa mbwa wake, na mimi nimekulia humo humo, nalala juu ya maranda nimeegemea tumbo la mbwa, nasikia randa ya baba inakwenda na kurudi, mpaka leo nikipita penye mbao mbichi machozi yananilenga. Baba alikuwa na namna yake ya kuchagua. Mbwa wadogo wakianza kukomaa anawaita wote mlangoni, anatulia, anatazama wanavyokaa. Anayekaa upande, miguu ya nyuma kaitupa pembeni kama bi mkubwa aliyekuja kutembea, huyo ndiye wake: "Huyu ana adabu, huyu wa kuzalisha." Anayekaa wima kama askari anatolewa kwa watu: "Mpeni mtu, huyu hana madaha." Tulicheka sana! Watu wakiona mbwa kakaa upande walijua tu, huyo wa seremala.

Baba alifariki kabla mwanangu hajazaliwa. Mimi nimebaki na Bibie, jike wake wa mwisho, na mwanangu amejifunza kusimama kwa kushika manyoya yake. Sasa Bibie akikimbia anarusha miguu yote miwili ya nyuma kama sungura, na akiamka asubuhi analia kidogo. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akampiga eksirei, akanionyesha nyonga, kichwa cha mfupa wa paja hakikai kwenye kikombe chake, kimelegea. Akasema ni ugonjwa wa kurithi, asizalishwe. Nikamwambia mbona mbwa wetu wote wanakaa hivi, ndiyo sifa yao. Akanitazama kwa huruma. "Dada, kwa ukoo huu, mkao huo ndio dalili yenyewe. Anakaa hivyo kwa sababu nyonga zinamuuma."

Shangazi, nilitoka pale mtoto mgongoni, mbwa kwenye kamba, hata njia siioni.

Baba mdogo hataki kusikia. Bibie yuko kwenye joto, naye ameleta dume, kaka yake Bibie wa tumbo moja, anakaa upande vile vile, amemfunga uani kwangu. Anasema, "Huyo daktari alimjua kaka yangu? Unataka tumzike mara ya pili?" Jumamosi anawaacha pamoja. Mimi namtamania mwanangu utoto kama wangu, japo mbwa mmoja wa babu yake. Nikikataa naona kama namwambia baba alikosea maisha yake yote. Nifanyeje?

Binti wa Seremala

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Sasa futa machozi, nikuseme kidogo.

Hilo dume linafanya nini uani kwako mpaka saa hizi? Lirudi lilikotoka, leo. Kaka na dada, wote wanakaa upande, unategemea wazae nini? Baba mdogo anamlilia kaka yake, namwelewa, lakini atakayelia kila asubuhi ni mbwa, si yeye.

Baba yako alichagua kwa macho, na macho hayaoni ndani ya nyonga. Alikosea, ndiyo. Litamke, halitakuunguza ulimi. Alikosea kwa mapenzi, na utoto aliokupa ulikuwa wa kweli.

Halafu wewe mtoto, umeandika mwenyewe na hukuona! Wale waliokaa wima, aliowagawa, wako wapi? Si damu ile ile? Zunguka karakana kwa karakana, uliza. Ukipata jike aliyekomaa, mwombe mwenyewe mkampige eksirei. Usidanganyike na mkao tena, hata ule wa wima. Picha iseme. Nyonga zikiwa nzuri, mtafutie dume wa nje ya ukoo, naye apigwe picha, na uulize wazazi wake na ndugu zake wanatembeaje, maana mbwa anaweza kuonekana mzima na bado akarithisha ubovu. Watakaozaliwa nao wapimwe wakikomaa, walio wazima ndio wazae. Uzao mmoja hautaumaliza ugonjwa huu, utaupunguza tu, na unaofuata utaupunguza tena. Uwe na subira.

Bibie atolewe kizazi joto likiisha. Asinenepe, alale pasipoteleza, na dawa ya maumivu itoke kwa daktari wake, usimpe zile zako za kichwa. Mwanao aendelee kumshika manyoya, ila asimpande mgongoni.

Na baba mdogo usimpelekee maneno kwa simu. Mkaribishe, mpe picha ya nyonga mkononi, mwache aitazame mpaka achoke. Akiiweka chini, mwulize ni nani mwingine aliyebaki anayekumbuka kila mbwa wa kaka yake alipewa nani. Kisha vaa viatu, mtoke pamoja.