Vidonge vya Kunenepa Sitatuma

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafuu na unashika jembe. Huku Dar es Salaam mimi napumua, na sasa nameza chakula bila kulia. Ujumbe wako niliupata: Oliva kachumbiwa, wakwe wanatoka Kasulu kuja kumwona, nitume haraka vile vidonge vilivyoninenepesha. Mama, sitatuma.

Nisikilize, usinikatize kama kwenye simu. Nilipokuja huko nyumbani Munanila mwembamba, mlinipokea kama msiba. Shangazi alinishika mkono mbele za watu: "Yoo! Huyu mji umemla, au ana ule ugonjwa." Iliniuma sana. Niliporudi huku nikaenda duka la dawa, wakanipa vidonge vya kuongeza mwili, bila cheti wala swali. Nikawa nakula sishibi, uso ukaumuka kama andazi. Krismasi mkanichinjia mbuzi. Hakuna aliyeuliza kwa nini napanda kilima cha kanisani nikihema.

Baadaye mdomo ukajaa utando mweupe, ukashuka hadi kooni. Hata mate yalikuwa moto. Wapangaji wenzangu wakatenga vikombe vyao. Nikapima ule ugonjwa alioutaja shangazi, sina. Daktari akaviangalia vile vidonge, akaguna. Akasema ni dawa halali, ya pumu na mengineyo, ila ukiimeza ovyo kwa muda mrefu inadhoofisha kinga ya mwili. Fangasi wanaokaa midomoni mwa watu wengi bila kuwadhuru, kinga ikilegea, wanajitwalia koo zima. Nimetibiwa, lakini nilikonda kwa njaa huku chakula kiko mbele yangu.

Nina hasira, Mama. Nikiwa mzima mliniita mgonjwa. Nilipougua, mkanichinjia mbuzi. Sasa mnataka kumfanyia hivyo hivyo mdogo wangu.

Kama Oliva ameshavipata kwingine na anavimeza, asiache ghafla, ni hatari. Mpeleke hospitali na vidonge vyenyewe, daktari ndiye ajue namna ya kumpunguzia. Na hao wakwe wakitaka kilo, mnada wa ng'ombe upo.

Nisalimie baba, kaka Zakaria muuza maharage, na bibi harusi mwenyewe. Shangazi naye msalimie, umsomee barua yote.

Pasaka nakuja, na nimekonda tena. Atakayeuliza nina nini, mwambie nimepona.

Mwanao,
Yasinta