Wavu wa Kuku

Tainan, Jumapili asubuhi

Mwanangu Pei-jung,

Mimi mzima. Paka wa marehemu mama yako bado anakataa samaki wa jana.

Ule wavu wa kuku ulionitumia nimeuzungushia mtambo wangu wa cheche za umeme, kama ulivyoniagiza. Koili yake, ule mviringo wa waya, nimeirekebisha mzunguko mmoja mmoja, mpaka cheche ikaruka urefu wa mkono. Na kweli wewe fundi: redio za majirani hazikwaruzi tena.

Zamani nikiuwasha mtambo tu, Bi Siok-hun wa mlango wa pili alikuwa ananijia mbio, redio kwapani.

“Wewe mzee! Umenikatia tangazo la dawa ya magoti! Mkeo angekuwepo ungethubutu?”

“Kaa kwanza unywe chai, ndiyo unitukane vizuri.”

Basi alikuwa anakaa, ananitukana mpaka birika linaisha.

Sasa wiki ya tatu hii mlango wangu haujagongwa. Birika nalimaliza peke yangu.

Usinikasirikie, mwanangu. Wavu nimeutoa. Maji yamechemka, na mezani nimeweka vikombe viwili. Nikishaweka kalamu chini, nauwasha mtambo.

Baba yako,
A-liong