Kamera Mpya Nimekuachia

Kaka Isagani,

Wali umo sufuriani, samaki nimefunika. Kamera mpya ni yako kwa harusi ya mchana. Haina kelele, padri hatakukemea. Chaji betri zote mbili, inamaliza chaji upesi. Mimi naenda na ile ya baba, yenye kioo ndani kinacholia kila ukibonyeza, kupiga picha kwenye mazishi ya Bibi Osang.

Najua utasema, "We mshamba, mlio huo utaamsha wafu!" Acha mlio ulie. Asubuhi niliijaribu mpya hapa sebuleni. Kile kijisanduku cha kijani cha kwenye skrini, kinachotafuta macho ya watu, kilikwenda kwenye kiti cha mama. Tangu tumzike hakuna anayekikalia. Nilisogea, nikarudi, kikang'ang'ania pale pale, usawa wa uso wake. Nikabonyeza.

Ya baba haimtafuti mtu. Naona kilichopo tu, na leo familia nzima ya Bibi Osang itajipanga kuzunguka jeneza. Hiyo inanitosha.

~~Ile picha ifute.~~ Usiifute. Mimi sijathubutu kuitazama. Ukimwona mama, niambie tu kama ule wembamba wa ugonjwa umemtoka.

Mdogo wako,
Ligaya